UZI: Senesio na lobelia za milima yetu mirefu, na kwa nini kila mlima una zake

Mpagazi_wa_Zamani

Wanajamvi, salaam.

Nilianza kubeba mizigo Kilimanjaro nikiwa kijana, baadaye nikawa mwongozaji, na hadi leo nimemaliza misimu kumi na tisa. Muda wote huo kuna kitu nilikuwa nakipita bila kukijua. Nazungumzia ile miti ya bonde la Barranco, na ile iliyo pembeni mwa kijito ukikaribia kambi ya Horombo. Shina nene kama nguzo, juu yake kichwa cha majani mithili ya kabichi, na kuanzia kichwani kushuka chini imevaa koti la majani makavu. Mgeni akiniuliza, nilikuwa namjibu kwamba hii ni senesio, iko huku juu tu, kisha tunaendelea na safari.

Miaka michache iliyopita nilimwongoza mtafiti wa mimea. Kileleni hakuwa na haja napo. Tulikaa siku tano kati ya mita 3,700 na 4,200 tukizunguka mabondeni. Siku ya pili akaniuliza, "Huu mti umechanua mara ngapi tangu uote?" Nikamwambia sijui. Akasema, hesabu panda zake, yaani pale shina linapogawanyika. Maua ya senesio hutoka kwenye ncha ya shina, na ncha hiyo ikishatoa maua imemaliza kazi. Mti ukitaka kuendelea kukua lazima utoe matawi pembeni yake. Kwa hiyo shina lililonyooka bila panda halijawahi kuchanua hata siku moja. Lililogawanyika mara mbili, moja juu ya nyingine, limechanua mara mbili. Na kati ya kuchanua mara moja na mara nyingine inapita miaka.

Nilisimama pale nikihesabu miti niliyoizoea kama nguzo za umeme. Tangu siku hiyo nasoma kila ninachokipata juu ya mimea hii, na leo naileta kwenu. Nitaandika kwa awamu maana natumia simu.

Nianze na baridi, kwa sababu bila kuielewa baridi ya kwetu hamtaelewa umbo la mimea hii.

Kwenye milima ya Ulaya kuna miezi ya baridi na miezi ya joto. Mmea unajua lini ulale na lini uamke. Sisi tuko jirani na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, na Desemba haina tofauti kubwa na Juni. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, alizunguka milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948, akaieleza hali ya hewa ya huku juu kwa maneno machache: kiangazi kila mchana, kipupwe kila usiku. Sijaona maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Saa saba mchana jua la mita 4,000 linababua ngozi. Saa kumi usiku maji ya kwenye chupa yameganda. Kesho yake ni hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna mwezi wa kupukutisha majani ukajificha.

Na ardhi nayo haitulii. Unyevu wa udongo ukiganda usiku unaota kwenda juu kama sindano, unainua udongo na kila kilicho juu yake. Jua likitoka sindano zinayeyuka, na kimche kilichokuwa kimeshika ardhi jana kinakutwa kimelala, mizizi nje. Waliopita njia ya Machame alfajiri wamezikanyaga sindano hizo. Zinavunjika chini ya buti kama chumvi ya mawe. Mbegu nyingi sana zinaota kule juu. Zinazofika umri wa kuwa mti ni chache mno.

Nitaendelea na habari ya koti.

BintiNyeri

Nimekaa mkao wa kusoma. Asante kwa uzi huu, kaka.

Niongeze kidogo kuhusu hizo sindano za barafu. Huku Mlima Kenya kuna kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotambaa kwenye mawe yenye unyevu, ambayo huku juu imeacha kushika mawe kabisa. Inakuwa mpira mdogo uliolala tu ardhini. Barafu ya usiku inauinua na kuugeuza, leo upande huu, kesho upande ule, kwa hiyo unamea pande zote na hauna juu wala chini. Mara ya kwanza kuokota mmoja nilidhani ni kinyesi cha mnyama kilichoota ukungu. Ulikuwa mzima, kijani pande zote.

Mpagazi_wa_Zamani

Dada, hilo sijawahi kuliona kwa macho. Nikija Kenya nitakutafuta unionyeshe.

Sasa koti. Nianze na jambo linaloniuma. Zamani wapagazi tulikuwa tukifika kambini tunang'oa yale majani makavu ya senesio, mengine ya kuwashia moto, mengine ya kutandika chini ya hema. Katika kampuni niliyoanzia kazi ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Hakuna aliyeona ubaya, maana majani yamekufa, yana kazi gani tena?

Kazi yake ni hii. Ndani ya shina la senesio, katikati, kuna moyo laini uliojaa maji. Asubuhi jua linapiga majani ghafla na majani yanaanza kupoteza maji palepale, wakati udongo bado ni barafu na mizizi haiwezi kunyonya chochote. Kwa saa hizo za mwanzo mti unaishi kwa akiba iliyo ndani ya shina. Akiba hiyo isigande usiku ndipo mti upone, na kinachoizuia isigande ni lile koti la majani makavu.

Hili limejaribiwa, ingawa si kwetu. Kule milima ya Andes ya Venezuela kuna mimea inayoitwa Espeletia, wenyeji wanaiita frailejón, ambayo ukiiona kwenye picha utaapa ni senesio ya Barranco. Mwaka 1983 watafiti wawili, Guillermo Goldstein na Frederick Meinzer, walichapisha matokeo ya kuivua koti baadhi ya mimea hiyo. Usiku maji ya ndani ya shina yakaganda, asubuhi majani yakakosa maji, na mingi ya ile iliyovuliwa ikafa. Mti unakufa kwa kiu huku maji yake mwenyewe yamo ndani, yamekuwa jiwe.

Kwa hiyo ile miti tuliyokuwa tunaivua nguo, nadhani mnaelewa. Kuna senesio mbili karibu na kambi moja ambazo nakumbuka kabisa tulizivua mimi na wenzangu. Leo ni visiki.

Kuna ulinzi wa pili: usiku yale majani mabichi ya juu yanajikunja kuelekea ndani, yanafunika kichomozi kilicho katikati. Mamia ya majani, moja juu ya jingine, na ndani kabisa kile kichipukizi laini. Asubuhi yanafunguka tena.

Mjasiri_Dar

Mkuu, uzi mtamu. Swali la mtu wa pwani asiyejua milima: hizo Espeletia za Venezuela na senesio zetu ni ndugu? Zilifikaje huko?

Mpagazi_wa_Zamani

Hazikwenda popote. Zote ziko kwenye familia moja kubwa sana, ile ya alizeti na mchunga huu tunaochuma shambani, lakini ni matawi yaliyotengana mbali. Espeletia ilitokana na mimea ya Amerika, senesio ikatokana na mimea ya Afrika. Mazingira yakazilazimisha zifike kwenye umbo lilelile: shina nene, kichwa cha majani, koti. Visiwa vya Hawaii navyo vina mmea wa namna hiyo kwenye volkano zake, Argyroxiphium, wenye majani ya rangi ya fedha. Na lobelia zetu hazimo kabisa kwenye familia ya alizeti, ila nazo zimekuwa majitu ya umbo hilohilo. Tatizo likiwa moja, jibu nalo linafanana, hata kama wanaojibu hawajawahi kukutana.

BintiNyeri

Kwa kuwa umetaja lobelia, naomba nizisemee za kwetu, maana nimezitazama tangu nikiwa msichana nikimsindikiza babangu.

Mlima Kenya una lobelia mbili kubwa za huko juu ambazo watu wengi huzichanganya. Moja ni Lobelia keniensis. Hii inapenda mabonde yenye majimaji. Majani yake yamepangana kama bakuli, na ndani ya bakuli kuna maji ambayo mmea wenyewe huyatoa. Usiku juu yanaganda tabaka jembamba, lakini chini yanabaki maji, na kichipukizi kimezama humo salama. Ukitia kidole utahisi utelezi kidogo.

Ya pili ni Lobelia telekii. Hii inakaa kwenye miteremko ya mawe, pakavu zaidi. Haina bakuli la maji. Inapotoa ua, mkungu wake unaweza kupita urefu wa mtu, umejaa manyoya ya kijivu yanayoning'inia, mpaka kwa mbali unadhani ni mnyama amesimama.

Sasa tofauti yenyewe. Keniensis huwa na vichwa kadhaa vilivyounganika chini ya ardhi. Kichwa kikichanua kinakufa, vingine vinaendelea, na miaka mingine vinachanua vile. Telekii huishi miongo mingi bila ua hata moja, kisha inachanua mara moja, inamwaga mbegu, inakufa yote.

Nilikuwa nikijiuliza kwa nini ndugu wawili wa mlima mmoja wawe na tabia tofauti namna hiyo. Mtafiti Truman Young alizifuatilia kwa miaka mingi katika mabonde ya huku, na jibu lake linahusu ukavu. Mahali pakavu mmea unakua polepole, na kati ya kuchanua mara ya kwanza na kupata nguvu ya kuchanua tena ingepita miaka mingi. Uwezekano wa kufa kabla ya kuifikia mara ya pili ni mkubwa. Basi kuweka akiba ya kesho hakuna faida. Afadhali kutoa kila kitu kwa mara moja, mkungu mkubwa kabisa, mbegu nyingi kabisa. Bondeni kwenye maji, kesho ina uhakika zaidi, kwa hiyo inafaa kujibakiza.

Wanaohudumia maua hayo ni ndege aitwaye chozi, yule wa milimani mwenye rangi ya kijani inayong'aa na mkia mrefu. Dume hulinda lobelia zake kama mtu anayelinda shamba. Na adui ni pimbi. Mwaka wa ukame pimbi hutafuna lobelia hadi moyo.

Mkonzo_Kasese

Salaam kutoka Kasese, Uganda. Kiswahili changu mtanisamehe.

Sisi Rwenzori hatuna shida ya ukavu. Huko juu ni mvua, ukungu na tope karibu mwaka wote. Miti ya erika, ile ya vijani vidogo inayoota juu ya msitu, imevikwa kuvumwani mpaka huoni gome lake, na mabondeni ni madimbwi ya nyasi ngumu ambayo ukikosea hatua unazama hadi kiunoni. Nasi tuna senesio mbili. Karibu na barafu kuna Dendrosenecio adnivalis, chini yake kuna Dendrosenecio erici-rosenii. Lobelia yetu kubwa ya juu ni wollastonii.

Nawaambia pia mlima wetu si volkano kama Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ni mwamba mkubwa uliosukumwa juu wakati Bonde la Ufa linafunguka. Kwa hiyo udongo ni mwingine, mvua ni nyingine, na bado senesio zimo. Hiyo ndiyo inanishangaza. Zilifikaje?

Mpagazi_wa_Zamani

Ndugu wa Kasese, umeuliza swali lililonifanya nianzishe uzi huu.

Chukueni ramani. Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Nyandarua, Cherangani, Elgon, Rwenzori, milima ya Virunga, Kahuzi. Katikati ni mbuga, mashamba, miji, mabonde ya joto. Senesio ya mita 4,000 ukiipeleka Moshi mjini haitaishi. Kwa mimea hii kila kilele ni kisiwa, na joto la chini ndiyo bahari yake.

Watu wengi huwaza kwamba zamani, dunia ilipokuwa na baridi kali, mimea ya juu ilishuka mpaka ikakutana tambarare. Ni kweli mikanda ya mimea ilishuka, pengine kwa mita 1,000 hivi, kama miaka 20,000 iliyopita. Lakini hata ukiishusha mita 1,000, uwanda ulio kati ya Kilimanjaro na Meru uko chini zaidi ya hapo, na Meru ndiyo jirani yetu wa karibu kabisa, kilomita kama 70 tu. Sembuse Mlima Kenya. Kwa hiyo kuna mbegu zilizovuka angani. Mbegu ya senesio ina manyoya kama ya mchunga, upepo unaibeba. Ya lobelia ni ndogo kama vumbi. Haikuhitaji kutokea mara nyingi. Mara moja katika miaka maelfu inatosha.

Hata leo Ethiopia ina lobelia kubwa ya kwake, Lobelia rhynchopetalum, lakini haina senesio hata moja ya aina hii. Milima ipo, baridi ipo, ila mbegu haikufika, au ilifika ikashindwa.

Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walitoa utafiti wa DNA ya senesio zote kubwa, spishi 11, kutoka mlima hadi mlima. Walichokisoma ni kwamba babu wa kundi hili alianzia juu ya Kilimanjaro, miaka kama milioni moja iliyopita, na kutoka hapo uzao wake ukashuka mlimani na kuvuka kwenda milima mingine. Kwa mtu aliyekulia chini ya mlima huu, kusoma sentensi ile kulinifanya niiweke simu chini kwa muda.

Mjasiri_Dar

Samahani kwa swali jingine. Nimeangalia picha za Kilimanjaro na za Mlima Kenya, senesio ni zilezile kwa macho yangu. Sasa tuseme moto umeunguza za huku zikaisha. Si tunachukua mbegu kule Kenya tunapanda huku? Mbona kama wasiwasi ni mkubwa kuliko jambo lenyewe?

Mpagazi_wa_Zamani

Usiombe samahani kaka, hilo ndilo swali lenyewe, na wengi wanaofanya maamuzi wanawaza kama wewe.

Hebu tazama Kilimanjaro peke yake. Ukipanda kutoka msituni unakutana kwanza na Dendrosenecio johnstonii, mti wa kwenye unyevu, kwenye vivuli vya msitu wa juu. Ukipanda zaidi unamkuta Dendrosenecio kilimanjari, yule wa Barranco mwenye koti nene. Nenda Mlima Kenya: chini kuna battiscombei, bondeni juu kuna keniensis aliyelala karibu na ardhi, na juu zaidi kuna keniodendron, mrefu mwenye koti. Nenda Rwenzori kwa ndugu yetu: erici-rosenii chini, adnivalis juu.

Ungetarajia kwamba wale wa juu wa milima yote ni ndugu wa damu, na wale wa chini nao ni ndugu wao kwa wao. DNA ilionyesha kinyume. Yule wa juu wa mlima fulani mara nyingi ni ndugu wa yule wa chini wa mlima huohuo, hata kama sura inamfananisha na wa juu wa mlima mwingine. Maana yake mbegu ilifika kwenye mlima mmoja, kisha uzao wake ukajigawa palepale kwa mwinuko, wengine wakajifunza ukavu na baridi, wengine wakajifunza kivuli na maji. Mlima wa pili ukafanya hesabu ileile upya kutoka mwanzo. Na wa tatu vilevile.

Kwa hiyo keniodendron na kilimanjari kufanana ni kama watu wawili wasiojuana waliovaa makoti ya baridi. Ukimwondoa mmoja, huyo mwingine hana alichokibeba kwa niaba yake. Dendrosenecio kilimanjari iko Kilimanjaro. Dendrosenecio meruensis iko Meru. Hakuna ghala la akiba mahali pengine.

Na si senesio peke yake. Hedberg alipoorodhesha mimea ya ukanda wa juu kabisa wa milima ya Afrika Mashariki, alikuta karibu asilimia 80 ya spishi hazipatikani popote nje ya milima hii.

Kijana_wa_Botania

Shikamoo mleta mada. Mimi ni mwanafunzi wa mimea, naomba nichangie sehemu hiyo ya DNA.

Utafiti wa 1995 ulitumia DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani za ndani ya majani, ambayo ni sehemu ndogo ya urithi wa mmea na kwa kawaida hufuata upande wa mama tu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine uliosoma sehemu nyingi za urithi kwa pamoja. Ule ulikubali jambo lako kubwa, kwamba umbo la juu na la chini limejitokeza mara kadhaa katika milima mbalimbali. Lakini ulionyesha pia kwamba tofauti kati ya spishi ni changa sana, na kwamba milima imekuwa ikipeana jeni mara kwa mara. Yaani bahari ya joto uliyoitaja huvukwa zaidi ya tulivyodhani.

Kuna pia wageni wa kweli. Arabis alpina, kammea kadogo kenye maua meupe, ni spishi ileile iliyoko kwenye milima ya Alps hadi kaskazini kabisa kwenye theluji. Watafiti wamefuatilia ukoo wake hadi upande wa Uturuki, na ilifika milima yetu zaidi ya mara moja. Helikrisamu, yale maua makavu kama karatasi, na erika nazo zina ndugu mamia kule Afrika Kusini. Ukitembea saa moja kwenye uwanda wa Shira, hapa Kilimanjaro, unapita kwenye mimea iliyotoka pande zote za dunia ikakutana hapo.

Mpagazi_wa_Zamani

Marahaba mwanangu. Asante sana, hiyo ya 2020 nilikuwa sijaisoma vizuri, na inanifurahisha kusahihishwa namna hiyo. Nadhani bado haibadilishi jibu kwa ndugu wa Dar: kama milima hupeana jeni kwa kasi ya maelfu ya miaka, moto wa wiki mbili hausubiri.

Mama_Kihamba

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nakaa Old Moshi, sijapanda huko juu, lakini najua mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani, unaopita kwenye kihamba changu, shamba langu la nyumbani. Nilipoolewa maji yalikuwa yanapita mwaka mzima. Sasa Januari na Februari tunagombana kwa zamu. Watu wanasema ni kwa sababu theluji ya Kibo inaisha. Ni kweli?

Mpagazi_wa_Zamani

Shikamoo mama.

Theluji inaisha kweli. Tangu ilipopimwa 1912 hadi 2011 ilipotea kama asilimia 85. Lakini maji ya mfongo wako kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye theluji, mama. Kule kileleni mvua kwa mwaka haifiki milimita 200, ni jangwa la baridi. Mvua kubwa inanyesha msituni, kwenye mita 2,000 na kitu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Na juu ya msitu huo kuna miti ya erika, yenye vijani vidogo kama sindano. Wingu likipita kwenye vijani hivyo linaacha matone, matone yanadondoka chini, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Nimelala chini ya erika usiku mkavu nikaamka nimelowa.

Andreas Hemp, ambaye ameutafiti mlima huu kwa miongo, amehesabu kwamba tangu 1976 moto umeunguza takriban hekta 13,000 za msitu, nyingi zikiwa erika za juu, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Kwa hesabu zake, kupotea kwa ile miti inayokamua mawingu ni pigo kubwa kwa maji yetu kuliko kupotea kwa barafu. Wageni wanakuja kupiga picha barafu kabla haijaisha. Erika iliyoungua hakuna anayeipiga picha.

Oktoba 2020 na Oktoba 2022 moto ulirudi tena, mtakumbuka, mliuona kutoka Moshi usiku. Nilipopita baadaye niliona vichaka vimekuwa mashina meusi yaliyosimama, na kati yake yameanza kuota majani ya chini na nyasi. Hizo nyasi zikikauka ndizo kuni za moto unaofuata. Erika inahitaji miaka mingi bila moto iwe mti tena, na haipewi.

BintiNyeri

Na joto likizidi, mimea si itapanda juu zaidi? Huku kwetu kwenye barafu ya Tyndall, mtafiti Mjapani Kazuharu Mizuno amekuwa akifuatilia Senecio keniophytum, mmea mdogo unaotangulia. Barafu ikirudi nyuma mita kadhaa kwa mwaka, wenyewe unaifuata kwa nyuma, kwenye kokoto tupu.

Mpagazi_wa_Zamani

Huo mdogo unaweza, kwa sababu unaanza kwenye kokoto na mbegu zake zinapeperuka. Kibo pia ina jasiri wake: Helichrysum newii ilikutwa ndani ya kreta, kama mita 5,760, ikiota karibu na matundu yanayotoa mvuke wa moto. Lakini senesio ya Barranco inahitaji udongo na maji. Juu yake kuna nini? Kuna uwanda wa mawe na vumbi, mkavu. Na mlima ni kama ile pia ya kuchezea watoto iliyogeuzwa ncha juu: kila unapopanda eneo linapungua. Msitu ukishushwa na moto na baridi ikipandishwa na joto, mimea ya katikati inabanwa pande zote mbili.

Mkonzo_Kasese

Kwetu juu kabisa ni miamba. Umesema kweli.

Mjasiri_Dar

Nimeelewa, mkuu. Nafuta kauli yangu ya kuleta mbegu kutoka Kenya.

Nimejiandikisha kupanda Septemba kwa njia ya Machame. Nikifika huko nitazame nini, ambacho wengine wanapita tu?

Mpagazi_wa_Zamani

Usiku wa Barranco mwambie mwongozaji wako akuamshe saa kumi na moja na nusu, mapema kuliko wenzako. Vaa vizuri, nenda na tochi kwenye senesio iliyo karibu na njia, usiguse. Utaona majani yamejifunga juu kama ngumi. Kisha kanywe chai, maana bonde lile liko chini ya ukuta na jua linachelewa. Likifika, rudi kwenye mti uleule na ukae. Majani yatafunguka, taratibu. Wakati unasubiri hesabu panda zake, halafu inama utafute mche wowote chini, wenye majani mawili au matatu. Ukiupata nitumie picha na uniambie ulikuwa upande gani wa kijito. Mimi mara ya mwisho nilitafuta asubuhi nzima, nikapata minne.